Taarifa ya Kichakataji kwa Programu Iliyo Ndani ya Kiigaji: Maelezo au Ahadi?

IKISIRI

Makala haya yanachunguza swali ambalo kwa kawaida hushughulikiwa kama suala la ufundi wa kompyuta pekee, ilhali lina upande mzito wa lugha. Swali lenyewe ni hili: programu inapoendeshwa ndani ya kiigaji, yaani ndani ya programu nyingine inayojifanya kuwa kompyuta ya aina tofauti, iambiwe nini inapouliza habari za kichakataji kinachoihudumia? Hoja kuu ya makala ni kwamba kinachoitwa kwa jumla “taarifa ya kichakataji” ni mkusanyiko wa kauli za aina tatu: ahadi, utambulisho na maelezo ya hali. Kila aina ina kigezo chake cha usahihi. Makosa mengi ya viigaji, na utata mwingi wa istilahi zetu, hutokana na kuzipima kauli hizi tatu kwa kipimo kimoja.

1.0 UTANGULIZI

Jitihada za kuipatia lugha ya Kiswahili istilahi za sayansi zina historia ndefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu za isimu na za sayansi mwaka 1990. Baadaye, katika Chuo Kikuu hichohicho, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kwa mara ya kwanza mtumiaji wa kawaida akaweza kupata programu kamili za ofisi zenye orodha za amri na ujumbe wa Kiswahili. Kazi hizo zilihusu hasa tabaka la juu la kompyuta, yaani maneno ambayo mtu huyaona kwenye kioo.

Chini ya tabaka hilo kuna mazungumzo mengine ambayo mtumiaji hayaoni: programu huuliza maswali, nayo mashine hujibu. Maswali hayo yana maana, yana majibu ya kweli na ya uongo, na yana matokeo. Kwa hiyo ni halali kabisa kwa mwanaisimu kuyachunguza, na ni lazima kwa mwanaistilahi kuyaelewa kabla ya kuyapatia maneno.

Umuhimu wa jambo hili si wa nadharia tu. Tuseme kwamba mwalimu wa sekondari huko Nakapanya, katika Wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, ana kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye kichakataji cha jamii ya ARM, jamii ileile inayotumika katika simu nyingi za mkononi. Programu ya kufundishia aliyoipata iliundwa kwa ajili ya vichakataji vya jamii ya Intel. Hawezi kuibadilisha programu hiyo, maana hana matini yake asilia, na hawezi kununua mashine nyingine. Njia iliyobaki ni kiigaji. Iwapo kiigaji hicho kitaijibu programu vibaya, programu itakatika katikati ya kipindi, na mwalimu hatajua alaumu kipi: programu, kiigaji au kompyuta yake. Sababu yenyewe huenda ikawa ni jibu moja tu lisilo sahihi lililotolewa mwanzoni, kabla hata kioo hakijaonyesha chochote.

2.0 ISTILAHI ZA MSINGI

Kabla ya kuendelea yafaa tubainishe maana ya maneno manne yatakayotumika.

(a) Kichakataji ni kile kiungo cha kompyuta kinachotekeleza amri moja baada ya nyingine. Neno linatokana na kitenzi chakata, kilichozoeleka katika kazi ya mkonge, na limepanuliwa maana ili lihusu pia data. Kila jamii ya vichakataji ina orodha yake ya amri inazozielewa, na orodha hiyo tunaweza kuiita lugha ya kichakataji.

(b) Kiigaji ni programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa lugha ya kichakataji kimoja na kuzitekeleza kwa kutumia kichakataji cha lugha nyingine. Mafundi wengi husema emuleta. Katika makala haya tunapendelea kiigaji, kutokana na iga, badala ya kiigizaji, kutokana na igiza. Anayeigiza hutaka mtazamaji aone jambo kana kwamba limetukia. Anayeiga hutenda jambo lenyewe kwa namna ya mwingine. Mwigizaji wa mganga jukwaani haponyi mtu, lakini kiigaji cha kichakataji hujumlisha namba kwelikweli, na jumla yake lazima iwe sahihi.

(c) Mwenyeji ni mashine halisi, pamoja na kichakataji chake.

(d) Mgeni ni programu iliyoletwa kutoka katika mazingira mengine, pamoja na mazingira ya kubuni yaliyojengwa ili iweze kuishi. Kichakataji cha mgeni, kwa hiyo, ni kile ambacho programu inaamini kinaihudumia, ingawa hakipo kama kitu cha kushikika.

Jozi ya mwenyeji na mgeni inatufaa vizuri kwa kuwa katika Kiswahili inabeba wajibu wa pande zote mbili. Mgeni hatarajiwi kujua mpangilio wa nyumba, na mwenyeji hatarajiwi kumwacha ajikwae.

3.0 JINSI PROGRAMU INAVYOULIZA

Kuna njia mbalimbali ambazo kwazo programu hutafuta habari za kichakataji. Njia ya kale zaidi haikuwa ya kuuliza bali ya kujaribu. Katika jamii ya Intel, programu iliyotaka kujua kama ipo juu ya kichakataji cha 386 au cha 486 ilijaribu kubadilisha biti ya 18 ya rejista ya bendera. Biti hiyo ikikubali kubadilika, mashine ilikuwa 486 au ya baadaye; ikikataa, ilikuwa 386.

Mwaka 1993, wakati wa kutoka kwa Pentium, njia ya kuuliza moja kwa moja ilipatikana kupitia amri iitwayo CPUID, ambayo iliingizwa pia katika baadhi ya vichakataji vya 486 vya mwishomwisho. Programu hutia namba ya swali katika rejista, hutoa amri, kisha husoma majibu katika rejista nne. Kwa swali namba 0 hupata, pamoja na mambo mengine, jina la mtengenezaji lenye herufi kumi na mbili: “GenuineIntel” kwa Intel, “AuthenticAMD” kwa AMD. Kwa swali namba 1 hupata jamii na toleo la kichakataji, pamoja na safu ya biti ambazo kila moja inaonyesha kama uwezo fulani upo au haupo.

Njia nyingine hupitia mfumo wa uendeshaji. Katika Linux, programu inaweza kuuliza kwa wito wa uname na kuambiwa jina la jamii ya mashine. Inaweza pia kufungua faili liitwalo /proc/cpuinfo na kusoma orodha ya vichakataji na sifa zao. Isitoshe, programu inapoanzishwa, mfumo huiwekea katika kumbukumbu jedwali dogo lenye namba ambayo biti zake zinataja uwezo wa kichakataji.

Ugumu wa kiigaji unaanzia hapa. Amri ya CPUID ni sehemu ya lugha ya mgeni, hivyo ni lazima kiigaji kiitafsiri, na kwa kuitafsiri hupata nafasi ya kuamua jibu. Lakini faili la /proc/cpuinfo ni mali ya mfumo wa mwenyeji. Kiigaji kisipoingilia kati, mgeni atalifungua na kusoma habari za mashine ambayo hapaswi hata kuijua. Programu ya ARM iliyozoea kukuta mstari wenye neno “Features” itakuta badala yake mstari wa Intel wenye neno “flags”, wenye majina ya uwezo ambao kwake hayana maana yoyote. QEMU, kiigaji mashuhuri kilichoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, kwa muda mrefu kililitungia faili hilo jibu la badala kwa baadhi tu ya jamii za vichakataji. Kwa programu za ARM jibu hilo liliongezwa mwaka 2023. Katika miaka ishirini hiyo, mgeni huyohuyo mmoja angeweza kupata majibu mawili yanayopingana: uname ikimwambia yupo juu ya ARM, na faili likimwambia yupo juu ya Intel.

4.0 KIIGAJI KAMA MKALIMANI

Ili kuona asili ya tatizo, tuache kompyuta kidogo tuchukue mfano wa ukalimani. Tuseme mzee wa Nakapanya, ambaye lugha anayojieleza kwayo kwa ukamilifu ni Kiyao, amekwenda Songea, makao makuu ya mkoa, kuonana na bwana kilimo kuhusu mikorosho yake. Bwana kilimo hajui Kiyao. Katikati yao ameketi kijana mkalimani. Mzee anaweza kumwuliza kijana huyo maswali haya matatu:

(1) Mwanangu, nikisema Kiyao hapa nitaeleweka?

(2) Huyu bwana ni nani, ni Myao?

(3) Humu ofisini mko wangapi wa kunisikiliza?

Jibu la kweli la swali (1) ni “Sema tu, babu, utaeleweka.” Jibu hilo ni la kweli ingawa bwana kilimo hajui hata neno moja la Kiyao, kwa sababu halielezi ujuzi wa bwana kilimo. Linaeleza kitakachotokea mzee atakaposema. Kijana amejitwika dhamana: kila neno la mzee litafika. Kama kijana hajui namna ya kueleza ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho, na huo ndio uliomleta mzee, basi jibu lake lilikuwa kosa, hata kama kila jambo alilosema juu ya bwana kilimo lilikuwa sahihi.

Jibu la swali (2) ni la aina nyingine. Hapa kijana akisema “Ndiyo, ni Myao” atakuwa amesema uongo, na uongo huo unaweza kudhuru au usidhuru, kutegemea mzee atautumiaje. Swali (3) nalo lina jibu lisilohusu lugha hata kidogo. Waliomo ofisini ni idadi ileile kwa Kiyao na kwa Kiswahili.

Nadharia ya vitendo-usemi inatupatia zana za kueleza tofauti hizi. Austin, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1962, alionyesha kuwa kusema si kueleza mambo tu, bali mara nyingi ni kutenda. Searle aliendeleza hoja hiyo na kutofautisha kauli za maelezo na kauli za ahadi kwa mwelekeo wa ulinganifu wake. Katika maelezo, maneno hufuata ulimwengu: kama hayalingani nao, maneno ndiyo yenye kosa. Katika ahadi, ulimwengu hutakiwa kuyafuata maneno: kama haulingani nayo, mtoa ahadi ndiye mwenye kosa, na dawa yake ni kutenda alichoahidi. Wahenga walilisema kwa ufupi zaidi: ahadi ni deni.

5.0 UCHANGANUZI WA TAARIFA YA KICHAKATAJI

Tukiichukua mizani hiyo na kuipima taarifa ya kichakataji, tunaona kuwa kila sehemu yake inaangukia katika moja ya makundi matatu.

5.1 Tangazo la uwezo

Kundi la kwanza ni la biti za uwezo. Biti inayosema kwamba amri za AVX zipo, yaani amri za kushughulikia namba nyingi kwa mkupuo mmoja, haina maana nyingine kwa programu ila hii: “Ukitoa amri hizi, zitatekelezwa.” Hii ni ahadi. Haijalishi kama kichakataji cha mwenyeji kina amri hizo. Kinachojali ni kama kiigaji kimejifunza kuzitekeleza.

Kutokana na hilo tunapata kanuni mbili. Kwanza, kiigaji kisiahidi kisichoweza kutimiza. QEMU hufuata kanuni hii: mtumiaji akichagua aina ya kichakataji yenye uwezo ambao mfasiri wa ndani hajaufundishwa, kiigaji humwonya na kuziondoa biti hizo katika jibu la CPUID. Rosetta 2, mfasiri ambao kampuni ya Apple iliutoa mwaka 2020 ili programu za Intel ziendeshwe juu ya vichakataji vyake vipya, haukuweza mwanzoni kutekeleza AVX, na kwa hiyo haukutangaza uwezo huo. Programu zilizouliza kwanza ziliambiwa haupo, zikatumia njia nyingine na kuendelea salama. Zilizodhani bila kuuliza zilikatika. Uwezo huo uliongezwa mwaka 2024.

Pili, kiigaji kisinyamazie kinachoweza kutimiza. Kosa hili halionekani upesi, kwa kuwa programu haikatiki. Huenda polepole tu, ikifanya kwa amri nyingi jambo ambalo lingefanyika kwa amri moja. Kwa mwenye mashine ndogo, kama mwalimu wa mfano wetu, upole huo unaweza kuifanya programu isifae kitu.

Ikumbukwe pia kwamba zipo ahadi zisizotamkwa. Vichakataji vya Intel huhakikisha kwamba maandishi yaliyowekwa kwenye kumbukumbu na kichakataji kimoja huonekana kwa vingine kwa mpangilio uleule. ARM kwa kawaida hailazimishi hivyo. Hakuna biti inayolisema jambo hili, kwa maana kila programu ya Intel inalichukua kuwa ni desturi. Apple ililazimika kuvipa vichakataji vyake hali maalumu ya kufuata mpangilio wa Intel ili Rosetta 2 uweze kuitimiza ahadi hiyo bila kupunguza kasi mno. Kiigaji kinabeba deni la tangazo lake, na pia la yale ambayo mgeni ana haki ya kuyatarajia kutokana na jamii iliyotajwa.

5.2 Utambulisho

Kundi la pili ni la majina: mtengenezaji, jamii, toleo. Majina haya yanaonekana kama maelezo ya kawaida, lakini jina peke yake halithibitishi uwezo.

Historia ya kompyuta nchini Tanzania ina mfano mzuri. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, takriban miaka tisa kabla ya Serikali kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Iliitwa ICT 1500, jina la kampuni ya Uingereza. Lakini mashine za ICT 1500 kwa asili zilikuwa RCA 301 za Marekani zilizouzwa chini ya jina la Kiingereza. Mwandishi wa programu aliyetaka kujua ni amri zipi zingekubaliwa na mashine ile alipaswa kuijua lugha yake, ambayo ilikuwa ya RCA. Kibandiko cha mbele kisingemsaidia.

Pale ambapo jina hutumiwa badala ya uwezo, madhara hutokea. Programu zilizoundwa kwa kikusanyaji cha Intel zilikuwa zikichunguza jina la mtengenezaji, na zikikuta si “GenuineIntel” ziliweza kuchagua njia ya polepole hata kama kichakataji kilitangaza uwezo wote uliohitajika. Suala hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyofikishwa mbele ya Tume ya Biashara ya Marekani, na katika makubaliano ya mwaka 2010 Intel ilitakiwa kuwajulisha waandishi wa programu juu ya tabia hiyo ya vikusanyaji vyake.

Kiigaji, basi, kijiite nani? Kikitoa jina la mwenyeji kitampotosha mgeni. Kikitoa jina la kubuni kabisa, programu zinazoamini majina zinaweza kukitilia shaka. Rosetta 2 umechagua njia ya kati: programu ikisoma jina la mtengenezaji hupata lile la Intel, lakini ikisoma jina refu la kichakataji hupata “VirtualApple @ 2.50GHz”. Jina la kwanza linasomwa na programu ili ziamue; la pili husomwa zaidi na watu ili wajue. Hivyo programu haipotezwi njia, na mtu hadanganywi. Kwa maoni yetu huu ni mgawanyo wenye busara: utambulisho unaoamua mwenendo wa programu ufuate lugha ya mgeni, na utambulisho unaosomwa na binadamu useme ukweli kwamba kuna mkalimani.

5.3 Maelezo ya hali

Kundi la tatu ni la mambo yanayobaki vilevile bila kujali lugha ya amri: idadi ya vichakataji vinavyoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, na ukubwa wa kumbukumbu ya karibu. Programu huuliza idadi ili igawe kazi. Kama mwenyeji ana vichakataji vinne na mgeni akaambiwa kimoja, vitatu vitakaa bure. Akiambiwa kumi na sita, kazi zitagombania nafasi. Katika kundi hili jibu la manufaa ni hali halisi ya mwenyeji, na QEMU, inapoendesha programu moja ndani ya Linux, huliacha swali la idadi lipite hadi kwa mwenyeji.

Kumbe, katika faili lilelile la /proc/cpuinfo, idadi ya vichakataji inapaswa kutoka kwa mwenyeji, na orodha ya uwezo inapaswa kutoka kwa mgeni. Jibu sahihi si nakala ya mwenyeji wala si ubunifu mtupu. Ni matini mpya inayotungwa mstari kwa mstari, kila mstari kwa kigezo chake.

6.0 JE, MGENI AAMBIWE KUWA NI MGENI?

Linabaki swali la kimaadili kama si la kiufundi: programu iwe na haki ya kujua kwamba inazungumza kupitia mkalimani? Jibu la desturi limekuwa ndiyo, kwa masharti. Katika mfumo wa VM/370 wa IBM wa mwaka 1972, programu iliyotoa amri ya kuuliza namba ya kichakataji ilipata katika baiti ya kwanza alama ya FF iliyoonyesha kwamba ipo ndani ya mashine ya kubuni. Katika jamii ya Intel, biti ya 31 ya rejista mojawapo katika jibu la swali namba 1 imetengwa kwa kazi hiyohiyo, na vichakataji halisi huiacha kuwa sifuri. Katika mfumo wa Apple, programu inaweza kuuliza kwa jina la sysctl.proc_translated na kujibiwa 1 ikiwa inatafsiriwa, 0 ikiwa haitafsiriwi.

Njia hizi zote zina sifa moja: mgeni hujua akiuliza swali hilo mahususi, lakini jibu halichanganywi na tangazo la uwezo. Programu isiyojali haisumbuliwi, na inayojali haidanganywi. Hivi ndivyo mkalimani mwema anavyofanya. Hamkatizi mzee kila sentensi kumkumbusha kwamba anatafsiriwa, lakini akiulizwa hakani.

7.0 ATHARI KWA ISTILAHI ZA KISWAHILI

Kutokana na uchanganuzi huu tunapendekeza kwamba neno taarifa lisitumike peke yake kwa mambo yote matatu. Kiswahili kina maneno yanayotosha kuyatenganisha:

(a) tangazo la uwezo, kwa biti na orodha zinazoahidi kwamba amri fulani zitatekelezwa;

(b) utambulisho, kwa jina la mtengenezaji, jamii na toleo;

(c) maelezo ya hali, kwa idadi na vipimo vya mashine.

Faida ya mgawanyo huu ni kwamba kila neno linabeba kigezo chake. Mtu akisoma kwamba “tangazo la uwezo si sahihi”, ataelewa mara moja kwamba kuna ahadi iliyovunjwa, na atamtafuta aliyeitoa.

Suala hili linagusa pia ujumbe wa hitilafu. Programu inapotoa amri isiyotekelezeka, mfumo huikatisha na kutoa ujumbe ambao ukitafsiriwa neno kwa neno huwa “amri haramu”. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, neno haramu katika Kiswahili lina uzito wa dini na sheria usiohusika hapa. Pili, na hili ni zito zaidi, linaiweka hatia juu ya programu, kana kwamba imetenda jambo lililokatazwa. Lakini kama programu iliuliza kwanza na kuambiwa kwamba uwezo upo, haikukosa lolote. Aliyeahidi ndiye mdaiwa. Ujumbe kama “amri haikutambuliwa na kichakataji” hauna kasoro hizo, na humwelekeza msomaji mahali pa kutazama. Kwa mwalimu wa Nakapanya tofauti hii ni kubwa. Ujumbe wa kwanza utamfanya aifute programu nzuri. Wa pili unaweza kumwongoza abadilishe aina ya kichakataji aliyokichagulia kiigaji, kazi ya dakika moja, na kuendelea na kipindi.

8.0 HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la kiigaji kijibu nini haliwezi kutatuliwa kwa kanuni moja ya “sema kweli”, kwa kuwa kweli yenyewe ni ya namna tatu. Tangazo la uwezo ni ahadi, nalo hupimwa kwa utekelezaji. Utambulisho hupimwa kwa matumizi yake: unaoongoza programu ufuate lugha ya mgeni, unaosomwa na watu usifiche kwamba kuna ukalimani. Maelezo ya hali hupimwa kwa kulinganishwa na mashine halisi. Mtunzi wa kiigaji anayeitenga mizani hii mitatu atajua, kwa kila mstari wa jibu lake, ni nani anayepaswa kunena, mwenyeji au mgeni.

Kwa wanaistilahi, funzo ni kwamba tabaka la chini la kompyuta linahitaji uchunguzi wa maana kama lilivyohitaji tabaka la juu. Msamiati uliorithiwa kutoka lugha nyingine mara nyingi huyafunga mambo kadhaa katika neno moja. Tunapoyafungua kwa Kiswahili tusiyafunge upya kwa fundo lilelile. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za utafiti watapata hapa uwanja mpana: ujumbe wa hitilafu, majibu ya mifumo ya uendeshaji, na maelekezo ya mafundi. Kila kimojawapo ni kauli, na kwa kila kauli yafaa kuuliza kwanza ni tendo gani linalotendwa nayo, kisha ndipo itafutiwe neno.